Ukingo wa Nguo Unaamuliwa Kabla ya Kupiga Picha

Haya jamani, asanteni, mwenyekiti kanipa muda mfupi na mada ndefu kwa hiyo salamu tuzifupishe. Mada ni picha za nguo zetu za mtandaoni, zile tunazoshona kwa ajili ya avata, yani ule mwili wa kuchorwa mtu anaotembea nao ndani ya dunia ya kompyuta, na hasa hizi picha za kukatwa, yani nguo imesimama yenyewe bila ukuta nyuma, bila sakafu, unaibandika kwenye ubao wa duka inakaa kama imezaliwa hapo. Kushona tunashona, hilo sina shaka nalo, kuna watu humu wanatengeneza meshi, yani umbo la nguo la kompyuta, mpaka uzi wa mshono unauona, alafu ukienda dukani kwao picha ina ule utepe mweupe umezunguka bega zima, nywele zimekatwa kama kwa panga, lesi imegeuka kijivu. Mteja hajui pikseli ni nini, ila kitu cha hovyo akikiona anakijua, na anapita.

Ninachotaka kuwaambia ni kwamba kukata hakuanzi kwenye GIMP wala Photoshop, zile programu za kuhariri picha. Kunaanza kwenye pozi, kabla hujabonyeza kupiga. Sisi tunafanya kazi ndani ya dunia ambayo tunaweza kuisimamisha, tunaweza kubadilisha ukuta wa nyuma bila kumgusa modo, tunaweza hata kuufuta mwili wa modo ikabaki gauni peke yake, na mpiga picha wa studio ya kawaida angelipa hela nyingi sana apate hayo, alafu sisi tunayaacha tunaenda kuhangaika na kifutio usiku kucha.

Wengi wetu tuko Second Life, ile dunia ya Linden Lab iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2003, kwa hiyo mifano yangu itatoka huko. Uliyeko dunia nyingine usikate tamaa, vitufe vinatofautiana ila hesabu ni ileile.

Sasa tuanze na ule utepe mweupe maana ndo kilio cha wengi. Chukua shati jeusi, lipige mbele ya pazia jeupe, kisha vuta picha karibu kabisa mpaka uone vile viboksi vya pikseli kimoja kimoja pale kwenye mkono wa shati. Utaona ndani ni nyeusi, nje ni nyeupe, na katikati kuna mstari wa viboksi ambavyo sio vyeusi wala vyeupe, ni kijivu. Kile kijivu sio uchafu. Ni ukingo wa shati umepita katikati ya kiboksi, kompyuta ikaona nusu shati nusu pazia ikachanganya. Ndo maana ukingo unaonekana laini machoni, bila hicho kijivu ungeona ngazi ngazi. Sasa wewe unakuja na kifaa cha kuchagua rangi, unachagua nyeupe, unafuta, na kijivu kinabaki maana sio nyeupe. Ukiliweka shati lako juu ya ubao mwekundu, kijivu kinang'aa kama uzi umezungushiwa. Mtu anasema kifutio changu kibovu, anaenda kununua programu nyingine, utepe unarudi vilevile. Kifutio hakina kosa, pazia lako limeshaingia ndani ya nguo.

Kuna njia ya mkato ambayo kila mtu anafundishwa, ukishachagua unapunguza uchaguzi wako kwa pikseli moja kuelekea ndani, unakata na kile kijivu kwa pamoja. Kwa suruali ya jinzi inafanya kazi, na kwa koti, na kiatu, wala sitakucheka ukiitumia. Ila kwenye pindo la manyoya, neti, lesi, shifoni, ncha za nywele, ukipunguza pikseli moja umefuta nusu ya kitu unachouza. Nyuzi za lesi zenyewe nyingine zina upana wa pikseli moja. Unakata nini hapo?

Kwa hiyo turudi kwenye pozi.

Jambo la kwanza ni kutulia, na avata hajui kutulia. Anapumua, anapepesa macho, kichwa kinafuata mshale wa mausi, na kama una ile AO, kile kifaa cha kukutembeza kwa maringo, ndo kabisa, anahama mguu kila baada ya muda. Zima AO, panda kwenye stendi ya pozi, tumia pozi lisilocheza hata kidogo, na nywele zako ziwe za meshi, zile za zamani za fleksi zinapepea na upepo hata ukiwa ndani ya chumba. Kamera nayo ukishaipanga usitembee wala usiguse Esc, maana itarudi mgongoni kwako na utaanza upya.

Alafu lenzi. Hili watu wengi hawalijui na linaharibu nguo kuliko taa mbaya. Ukisogea karibu na avata kwa lenzi ya kawaida, kiuno na kifua vinakuja mbele, viatu vinakuwa vidogo, gauni linaonekana limeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Rudi nyuma mbali, kisha bana lenzi kwa Ctrl na 0 mpaka avata ajaze skrini tena. Mistari inanyooka, upana wa bega na upana wa pindo unakaa kwenye uwiano wake. Ukimaliza Ctrl na 9 inarudisha lenzi ya kawaida, usije ukadhani macho yako yameharibika.

Taa sitaongea sana, kila mtu ana ladha yake na mazingira yake anayoyapenda. Naomba tu mzime vitu vitatu kabla ya kupiga picha ya kukata: ule mng'ao unaovuja kutoka kwenye vitu vinavyowaka, maana unamwaga rangi nje ya ukingo na hakuna mtu ataweza kuukata, ule ukungu wa lenzi wa kulainisha vitu vya mbali, na kivuli cha kwenye pembe, kile kinachochora weusi pale kitu kinapokaribiana na ukuta. Kivuli cha chini ya miguu kama unakitaka, kipake mwenyewe baadaye kwenye leya yake, yani tabaka lake peke yake la picha, kitakuwa kizuri zaidi na utaweza kukitoa siku ukibadilisha ubao.

Na piga picha kubwa. Kubwa kuliko unavyohitaji, mara mbili au mara nne. Ile kazi ya kulainisha kingo ambayo viewa, ile programu unayoingilia duniani, inafanya yenyewe mara nyingi ni ya kubahatisha, inaangalia picha ikishachorwa, inatafuta ngazi ngazi na kuzisugua, na ikisugua lesi inasugua na matundu yake. Ukipiga picha kubwa alafu ukaipunguza, ule ulaini unatokana na pikseli za kweli zilizojumlishwa. Tofauti utaiona kwenye kamba za viatu na kwenye kope, huhitaji kuambiwa na mtu.

Sasa pazia, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo utamu wenyewe ulipo.

Watu wengi wanatumia pazia la kijani kwa sababu wameona kwenye sinema. Sawa, kijani kinafaa kama nguo haina kijani na haina kitu cha kupenyeza mwanga. Ila huko kwenye sinema wana sababu zao, wana watu wenye ngozi na damu mbele ya kamera, hawawezi kumwambia msanii asimame hivyohivyo bila kupumua tukabadilishe ukuta. Sisi tunaweza. Na ukishaweza kubadilisha ukuta, kijani hukihitaji tena, unahitaji picha mbili tu: moja pazia jeusi, moja pazia jeupe, vingine vyote vimebaki vilevile.

Kwa nini mbili? Huu uwazi tunaouita alfa, ile chaneli ya nne inayokaa pembeni ya nyekundu, kijani na bluu, ni wazo la Ed Catmull na Alvy Ray Smith, walilitoa 1977 pale New York Institute of Technology, na 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm wakaandika hesabu za namna ya kubandika picha moja juu ya nyingine ambazo programu zetu zinazitumia mpaka leo. Kukata ni kuirudisha ile hesabu nyuma. Una rangi iliyochanganyika unataka kujua nguo ni kiasi gani na pazia ni kiasi gani, na kwa picha moja huwezi kujua kwa uhakika, kuna majibu mengi yote yanakubali. Smith huyohuyo na James Blinn walionyesha 1996 kwamba ukiwa na kitu kilekile mbele ya mapazia mawili tofauti, jibu linapatikana. Wenye studio za kweli waliona sawa, hesabu tamu, ila nani atatulia hivyo? Avata wako atatulia.

Tuishike pikseli moja tuone. Uzi wa lesi, tuseme. Kwenye picha ya pazia jeusi hiyo pikseli inasoma 60. Kwenye pazia jeupe, pikseli ileile inasoma 187. Toa, unapata 127. Hiyo 127 ndo sehemu ya pazia inayopenya, maana kitu pekee kilichobadilika ni pazia. Kama nguo ingeziba kabisa tofauti ingekuwa sifuri, kama hakuna nguo kabisa tofauti ingekuwa 255 nzima. Kwa hiyo alfa ni 255 utoe 127, unapata 128, yani nusu. Na rangi halisi ya uzi ni ile 60 ya kwenye giza ugawanye kwa hiyo nusu, inakuja kama 120. Umepata rangi ya uzi na uwazi wake, bila kupaka chochote, bila kubahatisha, na hakuna chembe ya pazia iliyobaki ndani yake. Hiyo ni pikseli moja, kompyuta inazifanya zote kwa mpigo.

Kwenye programu unafanyaje? Weka picha ya pazia jeupe chini, ya jeusi juu yake, leya ya juu iwe kwenye modi ya Difference, kisha unganisha na ugeuze rangi ziwe kinyume. Ulichopata hapo ni maski, yani picha ya kuamua nini kionekane na nini kifichwe, nyeupe pale nguo ilipo, nyeusi pale haipo, na kijivu kwenye lesi. Alafu chukua tena picha ya pazia jeusi, weka ile maski juu yake kwenye modi ya Divide, unganisha, rangi zote za ukingoni zinafunguka zinakuwa za kweli, usishtuke ukiona picha inatisha kidogo nje ya nguo, hayo ni mavumbi ya hesabu na maski itayafunika. Mwisho ile maski uiweke kama maski ya leya. Weka leya nyekundu kali chini yake uangalie. Mara ya kwanza mtu akiona nywele za avata wake zimekaa juu ya nyekundu unywele mmoja mmoja huwa anakaa kimya kidogo.

Kubadilisha pazia bila kugusa kamera kuna ujanja. Usilibofye ukaenda kuhariri, viewa inapenda kusogeza kamera ukihariri kitu. Weka skripti ya mistari michache ndani ya pazia, isikilize chaneli ya gumzo, ukiandika jeusi linakuwa jeusi, ukiandika jeupe linakuwa jeupe. Na liwe limewekwa mwanga kamili, lisipokee taa wala kivuli, tunataka rangi bapa. Ila usiamini tu kwa macho. Siku hizi viewa zinapitisha picha nzima kwenye marekebisho ya rangi kabla haijafika kwako, na pazia ulilolipaka nyeupe kabisa linaweza kutoka 240 na kitu. Chukua kidonoa rangi upime pembeni, na kama halijafika 255 basi kaza kwa Levels kwenye maski mpaka nje pawe peusi kabisa. Usipofanya hivyo unabaki na ukungu mwembamba kwenye picha nzima, huuoni kwenye kompyuta yako, ila ukibandika ubao dukani unaona kuna mraba hafifu umezunguka nguo.

Kuna mahali njia hii inadanganya na lazima nipaseme. Tangu zije zile materiali za PBR, zile za kuiga mwanga wa kweli, vitu vinavyong'aa vinaakisi mazingira. Satini, ngozi ya kung'aa, bizimu la mkanda, kifungo cha dhahabu. Pazia likiwa jeupe kifungo kinaakisi weupe, likiwa jeusi kinaakisi weusi, na hesabu yetu haijui habari ya kuakisi, yenyewe inaona tu kuna tofauti inasema ahaa, hapa panapenya. Unapata gauni safi kabisa lenye vifungo vilivyotoboka. Dawa ni nyepesi: pazia lisogeze mbali nyuma ya avata na lisiwe kubwa kuliko fremu inavyotaka, na pale patakapobaki chukua brashi nyeupe upake kwenye maski juu ya kifungo, kifungo hakina haja ya uwazi. Kwa nguo ya kung'aa yote juu mpaka chini, kusema kweli achana na picha mbili, tumia pazia moja la kijivu linalofanana na ubao wa duka lako, maana hata kijivu kikibaki ukingoni hakuna atakayekiona.

Na ile ya kufuta mwili? Unavaa leya ya alfa ya mwili mzima, avata anatoweka, gauni linabaki limesimama hewani, wapenzi wa maduka ya kisasa wanaipenda sana hii. Ila angalia shingoni. Kwenye meshi zetu upande unaochorwa ni ule wa nje, wa ndani hauchorwi mpaka wewe mshonaji uwe umeutengeneza, kwa hiyo ukiutoa mwili, kola inaonekana mbele tu na nyuma yake ni shimo, unapaona pazia pale ambapo mtu angetegemea kuona kitambaa cha ndani na lebo. Mwenye kushona na bitana ndani, hongera, piga. Asiye na bitana aache shingo na kifua cha avata viwepo, au apige kwa kushusha kamera chini kidogo ya usawa wa kola ili lile shimo lisionekane.

Tuseme sasa umekata, picha iko safi kwenye skrini yako. Bado haijafika dukani, na njiani kuna wezi wawili.

Mwizi wa kwanza ni rangi iliyojificha. Pikseli ambayo alfa yake ni sifuri haionekani, lakini ina rangi, lazima iwe na rangi fulani imeandikwa pale. Mara nyingi ni nyeupe au nyeusi. Ukiwa karibu na ubao hakuna shida. Mteja akisimama mbali, kadi ya picha haitumii teksha yako kubwa, yani ile picha uliyoipandisha, inatumia nakala ndogo zilizotengenezwa kwa kujumlisha pikseli nne nne kuwa moja, na ikijumlisha inachukua na zile zisizoonekana, weupe wao unaingia kwenye bega la gauni. Hapo ndo mtu anakuja kulalamika kwamba kwa karibu picha ni safi lakini mlangoni kwa duka ina utepe. Ni hii tu. Alafu Second Life inabana teksha kwa JPEG2000, ubanaji unaopoteza kidogo, na unapoteza zaidi pale rangi inaporuka ghafla kutoka nyekundu kwenda nyeupe, yani ukingoni kwako kabisa.

Kwa hiyo unaijaza ile sehemu isiyoonekana kwa rangi ya nguo yenyewe, ukingo mwekundu uendelee kuwa mwekundu nje, ukingo wa nywele uendelee na rangi ya nywele. Flaming Pear wana programu-jalizi ya bure inaitwa Solidify inayofanya hivyo kwa kubofya mara moja. Bila hiyo, nakili leya yako, weka nakala chini, ipige ukungu kidogo, inakili tena na tena kisha uziunganishe mpaka rangi imejaa nje, alafu ule uwazi wako uurudishe kama maski. Inaonekana vibaya sana ukiangalia bila maski, kama nguo imeyeyuka. Ndo inavyotakiwa.

Na ukihifadhi uwe macho. Photoshop ukihifadhi PNG kwa leya yenye uwazi inatupa zile rangi ulizohangaika nazo, kwa hiyo wakongwe wengi wanahifadhi TGA ya biti 32, alfa inakaa kwenye chaneli yake na rangi haziguswi. GIMP ina kiboksi kwenye kuhamisha PNG kinachouliza kama uhifadhi rangi za pikseli zisizoonekana. Kiwekee tiki.

Mwizi wa pili ni ukubwa, na hapa nitawaudhi baadhi yenu. Teksha moja ya 1024 kwa 1024 yenye alfa inakula megabaiti 4 kwenye kadi ya picha ya mteja, haijalishi faili lako kwenye diski lilikuwa dogo kiasi gani, na zile nakala ndogo zinaongeza theluthi juu yake. Ya 512 inakula megabaiti 1. Hii ya 2048 inayoruhusiwa siku hizi ni 16. Duka lenye mbao 40 za 1024 ni megabaiti 160 kabla mtu hajapakua hata ukuta wako, na wewe unajiuliza mbona picha zako zinabaki kijivu muda mrefu na mteja anaondoka. Ubao wa kawaida unaotazamwa kutoka hatua chache, 512 inatosha ukiwa umeipunguza vizuri. Umbo nalo liwe kwenye namba zile za kuzidisha mbili, 256, 512, 1024, na sio lazima mraba, gauni refu lipe 512 kwa 1024. Ukipandisha namba nyingine viewa itakuvuta yenyewe kwenye saizi iliyo karibu na huo ulaini wa ukingo tuliouhangaikia unasuguliwa upya.

Na kuna kosa naliona karibu kila soko. Mtu amekata nguo vizuri, akaibandika juu ya bakigraundi yake nzuri yenye nembo na bei, ubao mzima umejaa hakuna sehemu yenye uwazi hata kidogo, alafu anahifadhi biti 32. Alfa ipo, nyeupe yote, haifanyi kitu, lakini dunia inaiona na inauchukulia ubao wako kama kioo. Ubao wa kioo ukikaa mbele ya ubao mwingine wa kioo, au mbele ya nywele za mteja, kadi ya picha haijui ipi ianze kuchorwa, zinaruka ruka, mara nywele zipo mbele mara ubao upo mbele. Picha iliyojaa ihifadhi biti 24, bila alfa. Maski yako imeshamaliza kazi kwenye programu, haina haja ya kusafiri.

Nguo inayosimama hewani kweli bila ubao, hiyo ndo inataka alfa, na kama kingo zake ni ngumu, koti, buti, begi, nenda kwenye teksha uchague modi ya alfa iwe ya maski badala ya kuchanganya, kiwango cha kukatia ukiweke katikati kama 128 alafu ucheze nacho. Kila pikseli inakuwa ipo au haipo, kule kuruka ruka kunakwisha. Lesi na shifoni haziwezi, zenyewe ziache kwenye kuchanganya, ila uzitenganishe, usizipange moja mbele ya nyingine.

Kabla hujalipa ada yako ya kupandisha, tumia teksha za lokali, ipo kwenye dirisha la kuchagua teksha, unaonyesha faili lililo kwenye diski yako na unaliona pale ubaoni, wewe peke yako. Ukihifadhi upya kwenye GIMP ubao unabadilika wenyewe. Simama mlangoni uangalie, simama karibu uangalie, badilisha iwe usiku, iwe mchana. Na picha ya Marketplace, lile soko la Second Life la kwenye tovuti, itengeneze kivyake, kule picha inataka upana kuliko kimo, 4 kwa 3, ukichukua ya ubaoni ukaibananisha mle nguo inanenepa.

Moja la pembeni, sijaulizwa ila nasema. Ukishajua kutumia maski vizuri unajaribiwa kuendelea. Unapaka mkunjo ambao haupo kwenye meshi, unabana kiuno, unaongeza kivuli chini ya kifua, na nguo ya kwenye ubao inakuwa nguo nyingine. Mimi naona ukingo ni wako kuusafisha mpaka basi, rangi ukiirekebisha ilingane na inavyoonekana ndani ya dunia pia sawa, ila mkunjo na umbo ni mali ya meshi, viache vilivyo. Demo ipo, mteja ataivaa, na atakachokiona kwenye mwili wake ndo atakachokisema kwa wenzake. Najua kuna wanaobisha, tutabishana nje.

Haya, nina GIMP imefunguka hapa na pazia langu liko tayari lina skripti. Nataka mtu mwenye kitu kigumu, sio jinzi tafadhali, lesi au neti au wigi lenye ncha, aje apande kwenye stendi tupige picha zake mbili sasa hivi. AO izimwe kwanza.